Historia ya Kamanzi Silvère, Mkaguzi wa Nyaya za Winchi

Padri wetu, mama yetu mzazi, majirani wa Kicukiro na wote mliofika kumzika Silvère, mimi ni Mukunde, dada yake mkubwa, na kabla sijaanza niseme kwamba kampuni aliyoifanyia kazi huko Masoro imetuletea historia yake ikiwa imeshachapwa, imeandikwa humo kwamba aliacha kazi kwa hiari yake, basi karatasi hiyo siisomi, nasoma ya kwetu, na nina hasira, sifichi.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Karagwe, Tanzania, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1979 hadi 1985, akajifunza ufundi wa mitambo Mwanza, na mwaka 1996 tukarudi wote Rwanda. Tarehe 20 Desemba 2003 alifunga ndoa na Gahongayire, Mungu akawajalia binti mmoja, Aurore, aliyezoea kula chakula kilichopoa, kwa maana baba yake hakutoka karakana bila kurudia ukaguzi, na ubishi huo sisi wa nyumbani ulituchosha tangu utotoni.

Tarehe 2 Juni 2014 aliajiriwa Masoro kukagua vipuri vya helikopta za uokoaji za majeshi ya nchi za nje, akapewa upande wa nyaya za winchi, yaani ule waya unaompandisha mtu aliyezingirwa na mafuriko, ambao kila unaponyanyua huandikwa kwenye kadi, na hesabu ikifika mwisho hukatwa vipande ili asije mtu akautumia tena. Tarehe 22 Agosti 2024 Mkurugenzi Benon, yule pale safu ya pili mwenye shada la maua, alimletea nyaya tatu zilizofika mwisho wa hesabu pamoja na kadi tatu mpya zinazoanza na sifuri, akamwambia iko sawa tu, weka sahihi, Silvère akachukua msumeno akakata waya wa kwanza, na kabla hajaugusa wa pili walinzi wakamtoa nje. Kesho yake kampuni iliandikia karakana zote kwamba ni mharibifu wa mali, hakupata kazi tena, na barua zake tatu za kuonya kwamba nyaya mbili zilizobaki zimeuzwa zilijibiwa na wakili wao.

Shinikizo la damu lilianza Januari 2025, kiharusi kikampiga Oktoba, na Jumanne tarehe 4 Novemba, saa tatu asubuhi, akafariki. Siku tatu kabla, ulimi ukiwa mzito, alinitajia namba za zile nyaya mbili zilizouzwa, akaniomba nizisome hapa, kwa kuwa mafundi wenzake wa helikopta kutoka nchi jirani wangekuja kumzika, nao wamekuja. Shikeni kalamu, kuna mtu ataning'inia juu ya maji kwa nyaya hizo: nne, sifuri, saba, moja, nane, na ya pili, nne, sifuri, saba, mbili, mbili. Naona Mkurugenzi ameinuka, aketi, msibani mtu haondoki historia haijaisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliomgeuza kitandani, na wale wafanyakazi wenzake wawili waliokuja kumwona wakijua watasemwa kazini, ila shada la kampuni litarudi na gari lililolileta. Silvère, mdogo wangu, nawaona wanaandika, pumzika kwa amani.