Papa Liévin, na meza zenye hatukuinama kuangalia

Sasa hivi Keren aliingia chini ya meza ya Kasenga. Analala kwa mugongo, anashika muguu ya meza na mikono mbili, anasema hatatoka. Mutoto yangu ya miaka tatu. Nimemuacha kwanza niandike, sababu directeur alisema karatasi hii isomwe leo saa sita ya muchana, kabla bantu bakule.

Papa Liévin Kalaba alitumika mu Centre yetu ya kufundisha bantu ba reli miaka makumi tatu na moja. Leo, tarehe 31 ya mwezi wa saba, anaenda ku retraite, kupumuzika kazi.

Bote bale balipita hapa baliona maquette yetu: treni kidogo kidogo zinatembea juu ya meza, banafunzi banajifunza kuzipitisha bila kugongana. Bageni balipiga photo ya treni, ya nyumba, ya miti. Hakuna mutu aliinama kuangalia chini. Papa Liévin, yeye njo chini. Miguu ya meza, mbao za kukingama, mbao nyembamba ya triplex ya juu, na kitanda ya reli, ile kintu laini banalazaka chini ya reli treni isipige kelele: yote ilitoka mu mikono yake. Ukitaka kuona kazi ya huyu muntu, upige magoti.

Baba yake alikuwaka mutu wa reli ku Kamina. Yeye alifika hapa kutengeneza mabenchi ya banafunzi, kazi ya juma moja tu. Directeur wa ile wakati akamulomba meza ya maquette. Meza ikazaa meza, kila moja na jina ya muji. Hakurudia kwao tena.

Kwa kitanda ya reli, mu bitabu banasema batie liège, ile ganda laini ya muti ya kuziba chupa. Liège tungetoa wapi? Papa Liévin akaanza kukusanya babouche, ndala za mupira, za kuzeeka. Alikuwa anazikata na kisu bipande birefu, anachonga pembeni kwa mushazari, sawa vile udongo wa reli ya kweli unateremuka. Kila mutu mupya wa kazi alimuambia vile vile: "Leta babouche, tukuweke chini ya treni." Miye niliingia hapa kufagia. Babouche yangu ya rose iko mbele ya daraja. Ya mama Clotilde mupishi, Mungu amupumuzishe, ilikuwa ku kona ya Likasi, na treni ikifika pale ilikuwa inapita polepole kabisa, tunasema inaogopa mwiko yake ya kupikia.

Muntu mwepesi, hapana. Ukiweka kikombe ya chai juu ya meza yake, alikuwa anakutukana mupaka kwa babu yako. Lakini aliniona ninafagia na macho ku mikono yake, akanipa kisu. Akanifundisha kupima meza na chupa ya mayi, ya kulazwa, unaangalia upande hewa inakimbilia. Keren alikuwa mu mugongo yangu. Akasema: "Mama Keren, meza ikilala muzuri, na mutoto analala muzuri." Kweli, Keren alikulia chini ya ile meza, kitenge yangu ya kufungwa ku miguu mbili ilikuwa kitanda yake.

Muke ya Papa Liévin, mama Victorine, ni mutu wa Kasenga, kule ku muto wa Luapula. Alikuwa anamuchokoza: "Reli ya bwana yangu inafika fasi yote, kwetu tu njo hapana." Papa Liévin akaongeza meza moja, na mto ya rangi, na mitumbwi mbili ya samaki. Inspecteur mumoja akashangaa: "Lakini papa, treni haifikaka Kasenga!" Papa akamujibu: "Njo maana ninajenga."

Balinilomba niandike bya kufurahisha. Niliandika. Sasa niandike na ingine.

Mwezi wenye ulipita tulisikia salle yetu ya meza itakuwa salle de fête, ya sherehe za mandoa. Treni, nyumba na miti byote bilienda ku villa moja ya mutaa wa Golf, kwa batajiri. Bantu balitumwa, balikokota bya juu, hata muti mumoja habakuacha. Meza habakutaka. Balisema: mbao tu. Na Centre ikasema mbao isipotee bure, itapika chakula ya feti.

Bapendwa, bukari, ugali ya kuaga Papa Liévin, inapikwa na kazi ya Papa Liévin. Tangu asubui musumeno inalia. Meza ya Likasi iko chini ya sufuria, niliona babouche ya Clotilde inawaka, moshi nyeusi. Kama bantu banafuta huu mustari, harufu ya chakula itausoma. Mukule muzuri.

Hizo meza hatuwezi kuziokoa, na yeye mwenyewe anasema kosa ni yake. Alizipiga misumari na gundi, miguu akaizika mu sementi ya chini. "Nilizani tutazeekea humu bote." Kasenga tu, sababu ilikuya nyuma ya zingine, aliikamata na boulon, bolti ya kuzungusha. Boulon inafunguka. Lakini inataka bantu babili: wa chini anashika kichwa, wa juu anazungusha clé, spana. Wa chini niko. Mama Victorine aliniambia fasi iko ku nyumba yabo ku mutaa wa Annexe, mu depot, stoo ya mahindi. Ningeanzia pale maquette mupya, na babouche za barabara muzima. Batoto ba kule hawajaonaka treni, hata ya kidogo. Keren angewaonyesha.

Wa juu njo hayuko. Nilimulomba Papa Liévin jana. Tangu balisema habari ya kuni hakukanyaga tena mu salle. Anasema tu: "Baunguze. Nilisha maliza." Leo anakaa inje na suti, anatupatia mugongo. Na Rigobert, mwenye kukata na musumeno, anabakisha meza moja tu, halafu Kasenga. Ananichekelea: "Mama Keren, huyu mutoto nimukate naye?" Si mutu mubaya, balimutuma.

Papa Liévin, Centre itakupatia saa ya ukuta. Shiye bale uliweka chini ya treni tuko na aksanti tu. Aksanti kwa kisu, kwa chupa ya mayi, kwa matukano. Tunakutakia magoti ya nguvu, mama Victorine wa kukuchokoza miaka mingi, na usingizi wenye musumeno haifike. Tunakutakia pia

ngoja, banaita. Si Rigobert. Ni yeye, alitupa koti chini, anapanda juu ya Kasenga na clé mu mukono, anapiga kelele sawa zamani: "Mama Keren! Unaandika nini? Ingia kwa mutoto, shika boulon!" Nakuya, Papa, nilitaka tu kumaliza kuandika kwamba tunakutakia maisha yenye