Siku Fundi Alipokataa Ukoko

Nje ya duka la kinyozi kuna benchi refu la mbao, na juu yake hukaa watu ambao wakiulizwa wanafanya nini hapo watasema wanapumzika kidogo, ingawa mapumziko yenyewe huanza kahawa ya kwanza ikichemka na kwisha jua likiwafukuza. Yupo Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja wakiadimika hutoka nje na taulo lake begani. Yupo Wakili, muuza makava ya simu, aliyewahi kuingia mahakamani mara moja tu, tena kusikiliza kesi ya shemeji yake, lakini tangu siku hiyo habishani bila kutaja ushahidi. Yupo Spana, fundi baiskeli, mtu mwema mwenye kichwa kinachozalisha habari kuliko redio. Na mwisho wa benchi, mlangoni pa kibanda chake cha cherehani, yupo fundi nguo ambaye mtaa mzima unamwita Sufuria. Jina hilo limetoka kwenye ukoko. Mama Kahawa, anayeuza kahawa asubuhi na kuwapikia wali na maharage mchana, akishapakua wote huukwangua wali ulioshika chini ya sufuria na kumpa fundi. Aliwahi kuja mteja mmoja akauomba, benchi zima likamjibu kwa pamoja kwamba una mwenyewe.

Mchana huo Mama Kahawa alikwangua kama kawaida yake, akajaza bakuli, akalileta.

— Leo nisamehe, Mama, akasema fundi. Nimeshiba.

— Umeshiba nini wewe? Kijiko sijakuona nacho.

Fundi akainua kikopo chake cha plastiki alichofungiwa nyumbani. Ndani mlikuwa na mboga za majani na yai la kuchemsha. Kinyozi akachungulia, akaita wenzake kwa mkono kama mtu aliyeona nyoka darini.

— Njooni muone. Mwenzetu amekuwa sungura.

— Wiki yote hii anafanya hivyo, akasema Wakili. Jumatatu alisema tumbo. Jumanne akasema jino. Jana kasema shemeji amepika mapema. Mimi nimekaa kimya nakusanya ushahidi.

— Na umepata nini?

— Angalia mkanda wake. Umeingia tundu jipya, kalitoboa mwenyewe kwa mkasi. Mtu mzima akianza kutoboa mkanda, kuna mwanamke pembeni.

Wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa sababu benchi likicheka na wewe usicheke, unakuwa umekubali kosa. Lakini chini ya benchi alikuwa anajaribu kukunja vidole vya mguu wa kulia ndani ya kiatu, na hakuwa na hakika kama vimekunjika.

Mkewe ndiye aliyegundua. Jioni moja fundi alirudi nyumbani, akavua kandambili, akaketi. Mkewe akamuuliza damu ile ni ya nini. Damu gani? Wakaangalia pamoja. Pini ya kushikizia pindo ilikuwa imezama kwenye unyayo mpaka kichwani, na yeye ametembea nayo kutoka kazini, amesalimia watu njiani, amesimama kununua mkaa, hana habari. Mkewe aliichomoa huku akilia. Yeye ndiye aliyechomwa, lakini aliyelia ni mwingine, na hilo lilimtisha kuliko damu. Zahanati wakampima, wakamwambia sukari ipo juu na imeanza kula mishipa ya miguu. Wali apunguze sana, na ule mkavu wa chini ya sufuria auache kabisa, maana kwa alivyoeleza anakula bakuli la wali juu ya sahani ya wali. Avae viatu vya kufunika. Miguu aikague kila jioni. Akizembea, ganzi itapanda.

Sasa fundi nguo bila mguu ni nani? Watu huona mikono tu, lakini cherehani ya kukanyaga huendeshwa na mguu. Mguu ndio unaojua lini uende mbio kwenye mshono ulionyooka na lini ubembeleze kwenye kola. Mwezi uliopita alishona mkono wa shati, mshono ukapita mahali pa kusimama, akaharibu kitambaa cha watu. Siku hizi alikuwa anashona kwa kusikiliza. Akisikia mlio wa sindano umeharakisha, anajua mguu umekandamiza. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe.

— Si mwanamke, akasema Kinyozi. Huyu nywele namkata mimi. Mtu mwenye mwanamke pembeni huniambia nimtoe na mvi za masikioni. Huyu mvi anazo. Mimi nasema anataka kugombea uenyekiti wa mtaa.

— Kwa mboga za majani?

— Wewe hujawaangalia wagombea? Kabla ya uchaguzi wote wamekonda, wana macho ya huruma. Wakishapita ndiyo wananenepa. Huyu ameanza mapema, ana akili.

— Mheshimiwa, akasema Wakili akimpa fundi mkono, utatukumbuka?

— Nitawawekea kivuli hapa benchini, akasema fundi.

— Mmesikia? Ahadi ya kwanza hiyo!

Fundi aliwapenda watu hawa, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Wangekuwa maadui, angewaambia wasimuingilie tumboni, basi. Lakini walikuwa wanamtania kwa mapenzi, na bakuli lile lilikuwa limeshikwa na mwanamke mwenye umri wa dada yake mkubwa, aliyesimama juani akimsubiri alipokee. Mkewe alikuwa amemwambia mara kadhaa: waambie tu, baba, si aibu. Angewaambia. Tatizo ni kwamba alikwisha kuona benchi hili linavyomtendea mtu mgonjwa. Palikuwa na muuza magazeti aliyekuwa na presha. Alipowaeleza, kila mtu akawa anamsalimia kwa kumuuliza presha, wakamnyang'anya chumvi, wakashusha sauti akifika, na mwisho yule bwana akahamia kijiwe kingine ambako hakuna aliyemjua. Fundi hakutaka kuhamia kijiwe kingine. Hakuwa na kingine.

Wakati huo mtu mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa kibanda, akisubiri suruali yake ikatwe pindo. Alikuwa fundi bomba, amehamia mtaa wa nyuma siku si nyingi. Alikuwa amewasalimia wote vizuri, akapewa sahani ya wali, akala kimya. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

— Nyie wote hamuoni mbali, akasema Spana, ambaye muda wote alikuwa akisukuma mnyororo wa baiskeli kwa kidole. Niwaambie ukweli?

— Tuambie.

— Huyu siye.

— Siye nani?

— Siye Sufuria. Huyu ni pacha wake.

Kinyozi akamwaga kahawa kwa kucheka.

— Chekeni. Sufuria mwenyewe wamemweka mahali. Wametuletea huyu, sura moja, nguo moja, lakini tumbo hawakuweza kulinakili. Ndiyo maana anavaa viatu vya kufunika siku hizi. Sufuria tangu nimjue ni mtu wa kandambili. Anaficha nini huko? Miguu ya pacha haifanani!

Fundi akairudisha miguu chini ya benchi.

— Mjaribu kwa swali, akasema Wakili. Swali la siri.

— Sawa. Wewe pacha. Ile mvua iliyong'oa paa la Kinyozi, ngazi alishika nani?

— Ulishika wewe, akasema fundi. Na ukaiachia ulipoona radi.

Benchi likaangua kicheko. Spana akafikiri.

— Basi wamemfundisha vizuri, akasema.

Mama Kahawa peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa bado ameshika bakuli.

— Mimi niulize langu, akasema. Au wali wangu ulikudhuru, baba? Niambie tu. Kama nilikosea, nijue.

— Hapana, Mama! Hujakosea kitu.

— Maana hawa wengine hula huku wanabishana, hata ningewapikia kokoto wasingejua. Wewe ndiye nakuangalia. Nikikuona unatafuna ule wa chini, najua leo nimepika. Wiki hii narudi nyumbani nauliza sufuria limeniudhi wapi.

Hakuna aliyetania baada ya hapo. Wakili akatazama makava yake. Kinyozi akasema kwa sauti ya chini, tena ya upole:

— Kula kidogo tu, bwana. Mfurahishe mama wa watu. Kidogo kitakufanya nini?

Wangemtukana, angeweza kukataa. Aliangalia bakuli. Aliona vidole vya Mama Kahawa, vilivyobabuka kwa mvuke wa jikoni. Akajiambia leo tu, kesho atajua la kusema, na mkono wake ukanyooka.

— Samahani, akasema mtu wa kwenye kigoda. Mimi mgeni, nisije nikawa naingilia. Kwani huyu bwana anaupenda?

— Anapenda nini?

— Ukoko.

Benchi zima likageuka kumtazama.

— Swali gani hilo? akasema Spana. Anaitwa Sufuria!

— Hilo nimelisikia tangu nifike. Nauliza kama anaupenda. Mimi kwetu nilikuwa naambiwa napenda shingo ya kuku, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Ndiyo maana nimeuliza tu.

Kinyozi akamtazama Mama Kahawa. Mama Kahawa akamtazama Wakili. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumsikia akisema anaupenda. Halafu wote wakamgeukia yeye.

Na fundi, mkono wake bado uko hewani, akagundua kwamba naye hajui. Alijitafuta ndani. Alikumbuka siku aliyofika mtaani hapa, cherehani ameibeba kichwani, hajala tangu jana yake. Alifika benchini wali umekwisha, akaomba aruhusiwe kukwangua sufuria. Alikwangua kama mtu mwenye njaa anavyokwangua, wakacheka, na kilikuwa kicheko kizuri, cha kwanza alichochekewa na watu tangu aondoke kwao. Kesho yake akaukuta umewekwa. Angesema nini? Akala. Keshokutwa vilevile. Ameula jino likimuuma, ameula akiwa ameshiba, ameula siku ya msiba wa baba yake kwa sababu walimletea mpaka nyumbani, umefunikwa kwa sahani. Alikuwa ameula miaka yote hiyo ili asikose nafasi mwisho wa benchi, na hata mara moja hakuwa ameuonja.

— Sijui, akasema.

— Hujui? akauliza Mama Kahawa.

— Wallahi sijui, Mama. Njaa ilikuwa inaniuma siku ile ya kwanza. Nyinyi mkafurahi. Basi.

Mkono akaurudisha magotini. Akasikia kwamba akinyamaza sasa hivi, atanyamaza moja kwa moja.

— Nina sukari, akasema. Imenishika miguu. Pini iliniingia siku moja nikatembea nayo hadi nyumbani. Nikikanyaga pedeli siisikii. Nashona kwa masikio. Nimeogopa kuwaambia kwa sababu mtaanza kuniuliza habari za sukari badala ya kunitania, na mimi hapa nakuja kutaniwa. Nikiacha kula huo wali, na mguu ukaacha kazi, mimi hapa nitakuwa nani?

Mama Kahawa aliliweka bakuli chini, nyuma yake, kwa haraka, kana kwamba ndani mlikuwa na kitu kibaya. Kinyozi akawa anakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Mgeni akainamisha macho, maana hakuwa ametaka kufika huku.

Spana ndiye aliyeinuka. Akafuta mikono kwenye suruali, akachuchumaa mbele ya fundi, akaanza kufungua kamba za kiatu.

— Spana, acha. Watu wanapita.

— Wapite. Lete.

Akavua kiatu, akavua na soksi, akauweka mguu kwenye paja lake kama anavyoweka gurudumu anapotafuta pancha. Akabonyeza kidole gumba.

— Hapa?

— Sisikii.

Akabonyeza katikati ya unyayo, pale penye kovu dogo la pini.

— Hapa je?

— Hapo pia hapana.

Benchi zima lilikuwa limeinama linatazama. Hakuna aliyekuwa na nadharia. Spana akapanda taratibu, kisigino, pembeni, juu ya kifundo, akiuliza kila mahali na kusubiri jibu kila mahali, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kumsubiri mwenzake amalize sentensi.

— Hapa?

— Hapo ndiyo, akasema fundi. Hapo nakusikia.

Spana akaacha kidole chake pale pale.