Goti Langu Halikojoi

Sogezeni viti, wanangu, mkae karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sitaki kesho mmoja aseme Mama alisema hivi na mwingine abishe. Gwamaka, zima simu hiyo. Malori ya Tunduma yalikuwa yakivuka mpaka kabla sijakuzaa, na yatavuka nikishazikwa. Imelda, acha kulia, utalia siku yake ikifika. Na wewe Lusubilo, mtoto wa mdogo wangu, usisimame ukutani kama mgeni, vumbi la Kamsamba bado liko viatuni mwako. Kaa na mkeo Teresia upande ule, karibu na kitanda cha mama yenu, kwa kuwa Loisi anasikia yote hata kama kiharusi kimemfunga ulimi. Goodness, mjukuu wangu niliyepewa na makao haya ya wazee, usitoke nje. Haya nitakayoyasema yanakuhusu wewe pia.

Nianze na mali, maana najua ndiyo mliyoiwaza njiani, na sioni ubaya wake. Shamba la kahawa ni la Imelda, ndiyo, la binti, na wewe Gwamaka usikunje uso, kahawa inamtaka mtu wa kuipogoa na mikono yako wewe imezoea mihuri ya forodha. Nyumba ya Nanyala ni yako, uipake rangi, usiipangishe kwa walevi. Kile kipande cha baba yetu tulichokigombania mimi na Loisi mpaka tukawa tunakaa mabenchi tofauti kanisani, miaka na miaka, dada kwa dada, eti kwa sababu ya miti ya mpaka, hicho nampa Lusubilo chote, na miti yenyewe ing'oeni mkapikie chakula cha matanga. Ugomvi ule ulikuwa wa kijinga na umekwisha.

Sasa niwaambie nilichowaitia. Lusubilo ameniambia kwamba nikishazikwa atamchukua mama yake akamtunze Kamsamba, na mimi sikatazi, ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini kuna dawa moja ya Loisi ndani ya droo hiyo, ya tyubu, na ninachokiogopa leo, wanangu, si kufa. Ninaogopa Loisi afike kwenye joto lile la bondeni na dawa yake ibaki hapa, kwa sababu hakuna kati yenu atakayethubutu kuitaja. Najua hamtathubutu kwa kuwa yalishanikuta mimi mwenyewe, na mkiwa mnanipenda hivyo hivyo.

Baba yenu alipokuwa ameshafariki na mimi hedhi yangu ilikuwa imekoma zamani, nilianza kuungua huko chini. Unamtazama nani, Gwamaka? Nitazame mimi. Nilikuwa mkavu, nawashwa, nikikojoa ni kama pilipili, na nikikaa kwenye benchi la kanisa naomba mchungaji afupishe mahubiri. Nilinyamaza sana, maana mwanamke wa kwetu Ileje hufundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusonga ugali, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Imelda akanipeleka Mbeya kwa daktari mwanamke. Yule mama akanieleza bila haraka kwamba mwanamke akikoma hedhi, mwili wake hupunguza homoni, na ngozi ya kule inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, inachanika, vijidudu vya mkojo vinapata njia. Akanipa krimu ya kujitia jioni, mara chache tu kwa wiki, akaniambia hii si dozi unamaliza ukapona ukasahau, ukiiacha mambo yanarudi yalikokuwa. Nikaitumia, nikapona, nikapogoa kahawa yangu nikiimba.

Kisha miguu ikavimba, moyo ukachoka, mkanileta hapa Tupendane, na mlifanya vyema. Siku ile ya kuingia, mnakumbuka, muuguzi Ketrina alizipanga dawa zangu mezani akawa anauliza moja moja, hii ya presha, hii ya moyo, hii ya maji ya miguu, halafu akainua ile tyubu akauliza, na hii ni ya wapi? Imelda akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama kalenda ukutani kama mtu aliyeona jina lake pale. Na Imelda, binti yangu mwenye adabu, dada asiyeweza kuutaja mwili wa mama mbele ya kaka, akasema, "Ni ya goti." Mimi nilikuwa hapo hapo, na mama gani angefungua kinywa kuhusu mambo hayo mbele ya kifungua mimba wake wa kiume? Basi dawa ikawa ya goti.

Jamani, goti hili lilipakwa! Goodness na mikono yake laini, kila jioni iliyopangwa, anapaka na kusugua, goti likang'aa kama la bibi harusi, na huko chini moto umewaka upya. Nikamwambia, mjukuu wangu, siyo hapo, ni juu zaidi, akapaka paja. Nikamwambia, siyo huko nje, ni ndani, akanijibu kwa upole, ndiyo Bibi, maumivu ya goti huwa ndani kwenye mfupa. Cheka, Goodness, usione haya, wewe ulifanya ulichoagizwa. Kwa Kiswahili sikuwa na neno la kumwambia, na la Kindali ni tusi, lile wanalorushiana vijana kilabuni, ningelisema angedhani bibi kapata wazimu.

Na wazimu wenyewe ulifika. Mkojo ukachafuka, homa ikapanda, wakasema ni yutiai, wakanipa vidonge, ikatulia kidogo, ikarudi, wakanipa vingine. Wakanifunga pampasi. Mimi nikaacha kunywa maji kusudi nisikojoe, nikazidi kuharibika, nikaanza kumwita mama yangu usingizini na mchana pia. Gwamaka ulikuja nikakuita kwa jina la baba yako, ukatoka ukaenda kulia pale bombani, ukidhani sikuoni. Wakawaambia akili za Bibi zimeanza kumtoka, ndiyo uzee. Haukuwa uzee, mwanangu, ilikuwa ni tyubu imekosea njia.

Jioni moja homa ikanipa nafasi, Goodness akaja na dawa yake, akafunua shuka mpaka hapa, akaanza kusugua. Hasira ikanipanda kuliko aibu. Nikapaza sauti wodi nzima ikasikia, nikasema, "Goodness, goti langu halikojoi!" Ketrina alikuwa anapita na sinia la dawa, akasimama, akaniangalia, akaiangalia tyubu, akayasoma maandishi yake madogo, na nikaona machozi yanamjaa. Akavuta pazia, akakaa kitandani kwangu, akasema, "Bibi, hii ni dawa ya uke." Nikasema, ndiyo, ni ya huko. Akasema, "Sema uke, Bibi, ni jina tu, kama pua." Nikalisema, na nilijisikia kama nimetua mzigo wa kuni.

Daktari akaja, dawa ikarudi mahali pake, na baada ya wiki kadhaa akili zangu zote zilikuwa zimerudi na zingine za ziada. Mlinikuta napalilia mchicha nyuma ya jiko, mkashangaa, mkamshukuru Mungu, na mlifanya vizuri, ila mngemshukuru na Ketrina. Yapo maneno yaliyosemwa, siwafichi. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume aliuliza, bibi wa umri huu dawa ya huko ya nini, ana mchumba? Nikamjibu, ningekuwa naye ningemtuma maji. Lakini wanawake hawakucheka. Walianza kuniita mmoja mmoja, shangazi njoo, dada njoo, wananinong'oneza yale yale niliyoyanyamazia mimi, na mwingine aliniambia amekaa nayo tangu mjukuu wake wa kwanza azaliwe. Siku hizi Ketrina anamuuliza kila mwanamke anayeletwa hapa, pazia likiwa limevutwa, wana wa kiume wakiwa nje na chai yao. Hilo, wanangu, linanifurahisha kuliko kahawa yote niliyovuna.

Kisha wakamleta Loisi. Mdogo wangu, ambaye hatukusalimiana naye tangu ile miti ya mpaka, wakamlaza kitanda hiki cha pili, nusu ya mwili imekufa, ulimi umefungwa. Sikumtazama siku ya kwanza, moyo wangu ulikuwa bado na kutu. Lakini walipokuwa wanambadilisha alilia, kilio kifupi, cha kubanwa na meno, na mimi nikakifahamu kabla sijageuka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nikamwita Ketrina nikasema, mwiteni daktari amwangalie uke mdogo wangu, anaungua, na hawezi kuwaambia. Akaangaliwa, ikawa kweli, akapewa dawa kama yangu. Siku alipobadilishwa asilie, alininyooshea ule mkono wake mzima nami nikaushika, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipokufa. Nilimpenda sana siku ile, nawaambieni, mpaka nikajuta mabenchi yote yale.

Tangu hapo mimi ndiye ulimi wake. Jioni yake ikifika mimi ndiye humkumbusha Goodness, tyubu ikikaribia kwisha mimi ndiye humpigia Imelda. Na ulimi huu sasa... nipeni maji kidogo. Aha. Ulimi huu sasa unazimika.

Basi sikilizeni amri zangu. Lusubilo, siku mama yako atakapotoka hapa, dawa itoke naye, mkononi, siyo kwenye mzigo wa juu ya basi. Teresia, mkwe wetu, kazi ya mkono ni yako. Unawe, uvute pazia, umuulize kwanza, maana akikubali hufumba macho, na akikataa umwache mpaka kesho, bado ni mwili wake. Ukiona damu, usingoje, mpelekeni hospitali. Gwamaka, wewe unayewaita wanawake wa Nakonde bamayo, yaani mama, kwa heshima zote, huyu ni bamayo wako. Dawa itanunuliwa Mbeya kabla ya nyingine kwisha, wewe utaifikisha kwenye basi la Kamsamba, na fedha itatoka kwenye kahawa ya Imelda kila msimu. Asiseme mtu kwamba ni mzee, anakaribia kaburi, dawa ya nini. Anayekaribia naye anakojoa kila siku.

Na lile neno. Mnaita sehemu za siri. Siri ya nani? Siri humfichi anayekuuguza, na wahenga walishasema mficha uchi hazai. Lusubilo, simama. Mwambie mkeo, mbele ya ndugu zako, dawa ya mama yako ni ya wapi. Nasubiri, ila usinisubirishe sana, pumzi zangu ni za kuhesabu. Usiseme kule. Kule ni Zambia. Sema, baba, jasho halimuui mtu...

Ehe. Nimesikia. Rudia, mama yako hakusikia vizuri.

Ehee! Mmeona? Paa halijaanguka. Mtazameni Loisi, mtazameni, anacheka na ule upande wake mmoja. Na wewe Gwamaka, nawe sema, usijifanye unakohoa. Asante, baba. Sasa naweza kuondoka, dawa ya mdogo wangu ina midomo miwili ya kiume ya kuitaja, jambo ambalo baba zenu wangelikimbia.

Mnizike Nanyala, siyo mbali na barabara, napenda kelele za watu. Msikope kwa ajili ya jeneza. Imelda, ile tyubu yangu iliyobaki mpe Ketrina, atajua la kufanya. Goodness, mikono yako ibarikiwe, upate mtu wa kukuuguza kama ulivyoniuguza. Gwamaka, Imelda, Lusubilo, Teresia, Mungu awape uzee mrefu, na katika uzee huo awape watoto wasioona haya. Msigombanie miti. Mkae... mkae benchi moja.

Ni jioni, siyo? Nasikia kuku wanaingia. Leo ni siku ya dawa ya Loisi. Wanaume, tokeni nje. Goodness, vuta pazia, mfundishe Teresia, taratibu... umuulize kwanza. Amefumba macho? Basi. Mhudumieni yeye. Mimi nitangoja.