Ardis Tveidt, Aliyesimama Pale Wengine Walipopita Bila Kupingwa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni Curtis Brekke, mtoto wa kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya maisha yake.

Ardis Tveidt alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, katika shamba la ngano la wazazi wake, maili sita kaskazini mwa mji wetu wa Halvor, hapa North Dakota, akasoma hapa hapa hadi 1965, kisha chuo cha ualimu Minot, na Septemba 1969 akaanza kufundisha darasa la tatu, kazi aliyoifanya hadi Mei 2008, shule ilipofungwa kwa kukosa watoto.

Tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Orrin Tveidt, dereva wa greda, wakajaliwa binti mmoja, Lynnae, tuliye naye hapa.

Mwaka 2010 halmashauri iliamua kulifunga daraja letu la mtoni, njia ya mkato ya kutoka mjini, na Ardis akaenda kwa diwani wetu, Bwana Delmar Rusch, aliyekuwa amepita bila kupingwa kwa miaka ishirini na minne, akamuuliza mbona wananchi hawakuulizwa.

“Mwalimu,” alimjibu, kwa upole tu, “anayekitaka kiti changu, fomu ziko kwa karani.”

Akaenda kuchukua fomu.

“Hawa ni majirani zetu, Ardis,” mumewe alimwambia. “Tutaishi nao vipi?”

“Kama siku zote. Nimewafundisha kuhesabu, wacha wahesabu kura.”

Tarehe 2 Novemba alipata kura 97, Bwana Rusch 388, na hakuna aliyemtukana, ila hakuitwa tena kupiga kinanda kanisani, na mkahawani watu walinyamaza akiingia, nami niliyempigia kura Bwana Rusch nilinyamaza nao, na shangazi aliniona.

Tarehe 14 Februari 2015 Orrin alianguka zizini, gari la wagonjwa likazunguka maili ishirini na sita kwa kuwa daraja lilikuwa limefungwa, likamkuta ameshafariki.

Machi mwaka huu, 2022, marehemu aligundulika ana saratani ya kongosho, akaniita.

“Curtis, safari hii simama wewe kwenye udiwani. Si lazima ushinde. Simama tu.”

“Shangazi, wateja wangu wote wa dukani ni watu hawa hawa.”

Aligeukia dirishani, hakuniomba tena, na Novemba karatasi ya kura ilikuja na jina moja tu la diwani, la Bwana Rusch, naye akapiga kura nyingine zote kwa posta, akaiacha nafasi ya udiwani tupu, akafariki nyumbani tarehe 19, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lynnae.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliomwondolea theluji mlangoni, na Bwana Rusch, aliyemletea chakula kila Alhamisi na kukaa naye.

Lala salama, shangazi. Uliniomba jambo moja tu, na muda wa kuchukua fomu ulipita nikiwa dukani kwangu.