Moto wa Mama Elina: Milembe Mayunga, 1948–2000

Mama yetu Milembe Mayunga alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948 katika kijiji cha Mwamanyili, mtoto wa tatu wa Mzee Mayunga Sayi na Mama Felisita. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nne, mwaka 1961, akaacha ili kulea wadogo zake. Kusoma hakukuacha: hakufungia mteja andazi kwa gazeti ambalo hajalimaliza.

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Mzee Kasmiri Shigela, mpimaji wa pamba wa chama cha ushirika, wakahamia Bariadi.

Mwaka 1987 Mama alifungua mgahawa wa chai karibu na stendi. Wakati huo migahawa ilikuwa michache. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, mwaka 1994, malori yalimiminika, mji ukapanuka, na vibanda vya chai vikaota kila upande. Mwaka uliofuata ushirika ulipunguza wafanyakazi, Baba akarudi nyumbani. Chai ya Mama ndiyo ikawa ugali wetu na ada zetu. Kila kibanda kipya kilimnyima usingizi.

Asubuhi moja ya Juni 1995, Bibi Wilhelmina, mgeni kutoka Mwanhuzi, alivuka barabara na kipande cha bati, akamwamkia mama mwenzake kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu. Naomba moto.”

Mama akampa makaa, maana jirani hanyimwi moto. Alipoinua macho, aliona ng'ambo ya barabara mabenchi mapya na sufuria kubwa ya chai.

“We mama! Kumbe nimewasha jiko la kunimaliza?”

“Umeshanipa, mayu. Sasa nigawie na wateja.”

“Hao wana miguu. Waite mwenyewe!”

Walicheka, ingawa Mama hakucheka sana. Tangu siku hiyo, aliyetangulia kuamka alimpa mwenzake moto. Hata hivyo, Mama alimimina chai huku jicho moja likiwa ng'ambo, akihofia mabenchi yake kubaki wazi.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1998. Daktari alimtaka apumzike. Akasema atapumzika msimu wa pamba ukiisha. Tarehe 3 Julai mwaka huu alianguka jikoni, akalazwa. Kila tulipoingia wodini aliuliza, “Moto umewashwa?” Tulijibu ndiyo, tukiogopa kumwambia anayeuwasha ni nani. Ijumaa Bibi Wilhelmina alikuja mwenyewe.

“Mayu, jiko lako nawasha mimi. Wateja wako wananisema, eti tangawizi haitoshi.”

“Ongeza. Na usiwahamishie kwako.”

“Nikiwahamisha, nani atanipa moto?”

Mama alimshika mkono, hakuuliza tena. Alifariki kesho yake asubuhi, Jumamosi tarehe 15 Julai 2000.

Ameacha mume, Mzee Kasmiri, watoto, Elina, Method na Jenifer, wajukuu, dada yake Kija, na Bibi Wilhelmina, ambaye ukoo haujui umwandike wapi, basi tumemwandika hapa.

Chai mnayokunywa leo imepikwa kwa makaa ya jiko la Mama. Alhamisi Elina atafungua mgahawa. Migahawa ni mingi, na hatujui kama mabenchi yatajaa. Hofu hiyo ametuachia sisi. Lakini swali lako, Mama, tunaweza kulijibu bila kuficha kitu: moto umewashwa. Sasa pumzika kwa amani.