Delfina Iturbe, Mshonaji wa Shule ya Kijeshi ya Puerto Almada

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza, kwa niaba ya familia mimi Nilda, binti yake wa kwanza, nitawasomea maisha ya marehemu jinsi yalivyokuwa.

Marehemu Delfina Rosa Iturbe alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949 katika kijiji cha Colonia Ombú, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Anselmo Iturbe, fundi wa matandiko ya farasi, na mama Bernarda Quiroga. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, kisha akajifunza cherehani kwa masista wa Puerto Almada kwa miaka mitatu, ingawa mwenyewe alisema ushonaji hasa alifundishwa na baba yake, aliyemzoesha kufunga uzi kwa kurudi nyuma mara mbili na kuukatisha msalaba, ili mshono usifumuke hata farasi akikurupuka.

Tarehe 2 Machi 1970 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha shule ya kijeshi iliyokuwa nje ya mji, akawa anashona sare za makadeti, mashuka, na namba za vitanda kwenye pembe za mablanketi. Tarehe 20 Novemba 1971 alifunga ndoa na Horacio Bettinelli, fundi wa kuchomea vyuma bandarini, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1973, na mdogo wangu Ramiro, aliyezaliwa Oktoba 1976.

Mwezi Mei mwaka huohuo, wanajeshi wakiwa wameshika nchi, sajini wa stoo alimletea marehemu majora ya kitambaa cha kijivu, akamwagiza ashone mifuko mifupi kama nusu foronya, yenye kamba ya kukazia mdomoni. Marehemu akauliza vipimo, kwa kuwa fundi hakati kitambaa bila vipimo, na yule sajini akamjibu bila hata kumtazama, "Pima kichwa chako."

Alipima, akakata, akashona. Jioni alimweleza mumewe, naye baba akafunga dirisha kwanza ndipo akasema, "Nyamaza, Delfina, tuna mtoto na mwingine yuko njiani." Akanyamaza, akaendelea na kazi hiyo kwa miezi kumi na minne, akiona malori yakiingia kwa lango la nyuma na kusikia redio ikifunguliwa kwa sauti kubwa bwenini saa za mchana, na hakuacha kazi hadi chumba cha ushonaji kilipofungwa mwaka 1984. Baada ya hapo alishona magauni ya arusi hapa mtaani, na wengi wenu mliolewa nayo.

Shule ilipokwisha kufungwa, na majengo yake kukabidhiwa kwa jamaa za watu waliochukuliwa na wanajeshi wakapotea, walitafutwa wafanyakazi wa zamani wa kusaidia kutambua vitu vilivyobaki, na tarehe 17 Aprili 2007 marehemu akaenda. Msimamizi wa chumba cha uhifadhi alikuwa Malena Sosnowski, ambaye baba yake, mwalimu Ezequiel, alichukuliwa nyumbani kwake Juni 1976, na mara ya mwisho alionekana ndani ya shule hiyo. Marehemu aliwaonyesha vikombe vya bati vya makadeti na vile visivyokuwa vya makadeti, vijiko vilivyonolewa mpini, blanketi ambalo namba yake ilitolewa kwa wembe, vyote vikapanguswa kwa brashi laini, vikaandikwa na kufungwa kwenye karatasi. Kilichomtesa ni kukatazwa kushona palipochanika, kwa maana Malena alisema mchaniko nao ni ushahidi, na mikono ya marehemu haikuwa imezoea kuacha kitu kimechanika. Juu ya mifuko hakusema neno kwa miaka miwili.

Tarehe 3 Septemba 2009 mafundi wa paa walitoa mfuko mmoja wa kijivu nyuma ya tangi la maji. Malena aliuweka mezani, akasema mifuko ya namna hiyo walivishwa wafungwa vichwani, lakini huenda huu ulitoka kambi nyingine, maana mawakili wa maofisa wa shule walioshtakiwa walishikilia kwamba pale palikuwa pa masomo tu. Marehemu aliugeuza, akautazama mwisho wa uzi, na hapo angeweza kunyamaza tena, hakuna ambaye angejua.

"Huu niliushona mimi," akasema.

Malena akamuuliza ilikuwa mingapi, naye akajibu, "Mia mbili na kumi na sita. Nilijua ni ya nini." Malena alivua glavu, akatoka nje, na kwa miezi mitano hakuzungumza naye.

Tarehe 22 Juni 2010 marehemu alitoa ushahidi mahakamani, na yule sajini na maofisa wawili wakafungwa. Watu walimpakia lami mlangoni, wateja wakamkimbia, na baba akahamia chumba cha nyuma, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 2013, bila kula naye tena meza moja. Kabla ya hukumu Malena alikuwa amekwisha kuja nyumbani, akasimama mlangoni, akakataa kiti na chai ya maté, akasema, "Doña Delfina, sijakusamehe. Lakini kuna mablanketi hayajaandikwa, njoo Jumatatu." Marehemu akaenda Jumatatu hiyo, na kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja. Malena alipotaka kuandika kwenye kibao cha mfuko kwamba mshonaji hajulikani, ni marehemu aliyekataa, akataka jina lake liandikwe lote, na limeandikwa.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi, na tarehe 11 Juni 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akafariki mikononi mwangu. Mdogo wangu Ramiro aliniomba niruke habari ya mifuko, na namwelewa, lakini marehemu aliacha barua kwamba isiposomwa hiyo, isisomwe historia yoyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliorudi kumpikia supu siku za mwisho, wenzake wa chumba cha uhifadhi, na zaidi Malena Sosnowski, ambaye hadi leo hajui baba yake alizikwa wapi, na ambaye asubuhi hii ameomba ashike mpini mmoja wa jeneza.

Mama, umesema yote. Pumzika kwa amani.