Mama Faili na Pacha wa Pili

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, Mama Faili atakabidhi funguo za masjala ya hospitali yetu, aliyoitumikia kwa miaka thelathini na minne. Mimi ni fundi wa kompyuta wa hapa. Nimeomba niandike mimi, kwa sababu sehemu ya sifa zake ilianzia kwenye uzembe wangu.

Aliajiriwa ukarani enzi ambazo mafaili yalijaa rafu hadi darini, naye alipanda ngazi akiwa amechomeka kalamu mbili kwenye nywele, ya bluu na nyekundu. Kalamu hizo bado zipo kichwani. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walimwonea huruma. Haukupita mwezi, yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha madaktari, na daktari aliyekosea tarehe alikiona cha moto.

Programu yetu ya kusajili wagonjwa ni programu huria: imeandikwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Ilikuwa na kasoro moja mbaya. Watoto wawili wa mama mmoja waliozaliwa siku moja, iliwachukulia kuwa mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, ikawaunganisha. Mimi nilirekebisha nakala yetu tu. Kila mwaka toleo jipya lilipoingia, kazi yangu ilifutika, nikaanza upya. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe nilishakizoea.

Mwaka mmoja nikachelewa siku tatu kuirekebisha. Mama mmoja alileta mapacha kliniki, na pacha wa pili akarudishwa nyumbani bila chanjo, eti kompyuta inasema ameshachanjwa. Mama Faili aligundua jioni ile, akamfuata mtoto kwao kwa miguu, akamrudisha kuchanjwa. Kesho yake alisimama mlangoni kwangu.

"Mwanangu, wewe unatibu nyumba moja, na ugonjwa uko mji mzima. Hao wenye programu hawana masikio?"

Akawaandikia mwenyewe. Barua yake ya kwanza ilikuwa na malalamiko arobaini na moja, likiwemo la rangi ya vitufe. Wasimamizi wa mradi walijibu kwa adabu: tatizo moja, ripoti moja, na hatua za kulionyesha. Alinuna kutwa nzima. Kisha akatafuta kama kuna aliyekwisha kuliripoti, akakuta hakuna, akaandika hatua saba ambazo hata mlinzi wa getini angeweza kuzifuata. Tulimjaribu mlinzi, aliweza.

Mimi niliandika marekebisho, yeye akaandaa watoto wa majaribio. Alikataa katakata jina la mgonjwa wetu hata mmoja kutoka nje, akabuni mapacha wake: Kijiko na Uma. Tukatuma. Msimamizi mmoja, ambaye hadi leo hatujamwona sura, akatuuliza: "Na wakizaliwa watatu?"

Mama Faili alisema katika miaka yake yote hapa hawajawahi kuzaliwa watatu, na kwamba huyo mtu anatafuta sababu. Nilidhani yameishia hapo. Asubuhi alikuja na Kisu, akaniamuru nianze upya. Ilichukua wiki tano, na kazi ilirudishwa mara nne. Siku ilipokubaliwa, wodi nzima ya wazazi ilipiga makofi, wengi wao bila kujua wanashangilia nini.

Tangu hapo toleo jipya haliifuti kazi yetu, linakuja nayo. Jina lake la utani limo katika orodha ya wachangiaji, na Kijiko, Uma na Kisu huzaliwa upya kila programu inapojaribiwa, popote duniani. Masjalani nako kuna sheria moja: hakuna kunung'unikia programu kabla hujaandika ripoti. Pacha wa pili sasa yuko darasa la nne na ni mtundu kupita kiasi.

Jumanne iliyopita, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zetu, mama mmoja alijifungua watoto watatu kwa mpigo. Mama Faili aliwasajili mwenyewe, kalamu kichwani, sisi tukiwa tumejazana nyuma ya kiti chake. Kompyuta ikatoa namba tatu tofauti. Alilia, nami nililia, na sioni aibu kuliandika.

Asante, Mama Faili. Nenda kapumzike kwa raha, na afya njema iandamane nawe. Wote watatu wamechanjwa.